Farasi na Farisi

Katika Kiswahili mtu aliyebobea katika kazi yake huitwa farisi. Seremala aweza kuwa farisi, na mtunzi wa mashairi vilevile, ingawa huenda wote wawili hawajapata kushika hatamu ya farasi maishani mwao. Neno hili tumelipokea kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni mpanda farasi. Waliotangulia kulitumia katika lugha yetu walichukua jina la mwenye ustadi mmoja wakalifanya jina la ustadi wote. Kwa hiyo tumeona yafaa tutafute ustadi huo ulikuwa nini hasa, ulifundishwaje, na ni nani walioruhusiwa kuusoma.

Nchi zetu si nchi za farasi. Mbung'o wa bara humwambukiza maradhi yanayomkondesha hata afe, na uko ugonjwa mwingine unaoletwa na vijidudu virukao usiku ambao huweza kumwua kwa siku chache tu. Basi farasi walioshushwa pwani kutoka Arabuni walibaki kuwa wanyama wa ikulu na wa wakubwa. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa Sultani walivyofunzwa kupanda tangu udogo wao: wavulana walipewa farasi, na wasichana wakapewa punda weupe wa Maskati. Na kabla ya hapo, katika Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya ushairi wetu, mashujaa hupigana juu ya farasi. Mshairi wa Pate aliwapandisha watu wake kwa vina, mahali ambapo macho yake yaliona majahazi mengi kuliko farasi.

Ndiyo sababu maneno tunayo. Tunayo seruji ya kukalia, lijamu ya kutia kinywani, hatamu ya kushika na kikuku cha kutia mguu. Tunayo telki kwa mwendo wa haraka wa kudundadunda, na shoti kwa mbio. Atakayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza sanaa hii hajafungua kamusi. Lakini watu wetu husema pia kwamba punda haendi bila ya kigongo. Msomaji aikumbuke kauli hiyo, kwani historia ya kufunza farasi, tangu wahenga wa Ugiriki hata leo, ni mabishano marefu juu yake. Mabishano hayo yalipata upana wake Ulaya, nasi itatubidi tuyafuate huko.

Sanaa yenyewe, kama ionekanavyo sasa katika mashindano, ina matawi mawili makubwa. La kwanza huitwa dresaji. Farasi huingia katika kiwanja chenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, akaenda hatua, telki na shoti, akazunguka, akageuka, akasimama, akaenda kwa upande, na waamuzi humpa kila tendo alama kuanzia 0 hadi 10. Mtunzi wa mashairi hatapata taabu kuielewa kazi hii. Hatua za farasi zapasa kuwa sawasawa kama mizani ya mshororo, na duara lake lapasa kurudi pale lilipoanzia kama kina kinavyorudi mahali pake. Tawi la pili ni kuruka viunzi, ambalo hata mtoto hulielewa kwa kutazama: kiunzi ama kimeanguka ama kimesimama.

Maandishi ya kale hayakosekani. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo mtu aitwaye Kikkuli, wa nchi ya Mitanni, aliacha maagizo ya kuwazoeza farasi wa magari ya vita, yakaandikwa juu ya vigae vya udongo; lakini hayo ni maagizo ya mbio, maji na chakula. Mwalimu wa kwanza wa kupanda ambaye kitabu chake kimetufikia kizima ni Xenophon wa Athens, askari na mwanafunzi wa Socrates, aliyezaliwa yapata mwaka 430 kabla ya Kristo. Wakati wake hapakuwa na vikuku wala seruji kama tuzijuazo. Mtu alikaa juu ya mgongo mtupu au juu ya kitambaa. Anapofundisha kununua farasi huanza na kwato, kwa hoja kwamba nyumba nzuri haina faida ikiwa misingi yake ni mibovu. Huonya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira hata siku moja. Hueleza kuwa jambo analolazimishwa farasi hulifanya bila ya kulielewa, na halina uzuri, kama ambavyo mchezaji ngoma hawezi kupendeza kwa kuchapwa mijeledi. Tena hutoa shauri ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha elimu yote iliyofuata: mtazame farasi akiwa huru, anapotaka kujionyesha mbele ya majike, uone jinsi anavyoinua shingo na kukunja miguu, kisha umwongoze kufanya hayo hayo akiwa amekubeba.

Lakini Xenophon huyo huyo, afikapo mahali pa kuruka mtaro, abadilika. Asema mpandaji atangulie kuvuka akimvuta farasi kwa kamba. Na farasi akikataa, basi mtu asimame nyuma amchape kwa nguvu zote. Wako wasomaji wanaompenda mno mzee huyu hata huruka ukurasa huo. Sisi twaona ni heri usomwe. Waonyesha kwamba mabishano hayakuwa baina ya watu wema na watu wabaya, bali yalikuwa ndani ya kifua cha mwalimu mmoja.

Karne nyingi zikapita. Vikuku vilitoka Asia vikaenea Ulaya, vikampa mpandaji mahali pa kukanyaga. Katika nchi za Waislamu elimu ya farasi, matibabu yake na vita vya juu yake ilikusanywa pamoja ikaitwa furusiya, nduguye neno letu farisi. Ibn Akhi Hizam, aliyewatunza farasi wa Khalifa huko Baghdad katika karne ya 9, aliandika juu yake, na baadaye askari wa Kimamluki wa Kairo walifunzwa uwanjani kupanda, kutumia mkuki na kulenga upinde kama somo moja lisilotengana.

Huko Italia, mwaka 1550, Federico Grisone wa Napoli alichapisha kitabu kilichosomwa na kutafsiriwa kote Ulaya. Mabwana wa wakati huo walitaka farasi wa vita atiiye mara moja, na Grisone aliwapa njia. Farasi anayekataa kwenda mbele alitishwa kwa moto wa majani makavu. Au mtu alisimama nyuma yake na mti mrefu uliofungwa paka mkali kwenye ncha, akimsogezea makucha. Lijamu za zama hizo, zilizobaki katika makumbusho, hutisha kuzitazama. Tusimdhulumu mwandishi: kitabu chake chaagiza pia kwamba farasi apapaswe na kusifiwa kila anapotii. Hata hivyo hofu ndiyo iliyokuwa msingi, na sifa ilikuwa paa.

Ubaya wa njia hiyo haukuwa wa huruma peke yake. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Maumbile yake ni kukimbia. Aingiwapo na hofu hukaza misuli ya mgongo na shingo, akainua kichwa na kuulegeza mguu wa nyuma usibebe kitu. Lakini mwendo wa mizani wahitaji kinyume chake: mgongo uwe laini, kiuno kishuke, na miguu ya nyuma ije chini ya tumbo kupokea uzito. Hivyo mwalimu wa kigongo huharibu kwa mkono mmoja kile anachotaka kujenga kwa mkono wa pili. Farasi wake aweza kutii, ila hawezi kupendeza, na hadumu.

Mwanafunzi mmoja wa shule hizo za Napoli, Mfaransa Antoine de Pluvinel, alirudi kwao na fikira nyingine. Mwaka 1594 alifungua chuo Paris ambako vijana wa kiungwana walifunzwa kupanda, na pamoja na kupanda hesabu, dansi na muziki. Baadaye alimfundisha Mfalme Louis wa 13 alipokuwa mtoto, na kitabu chake, kilichotoka baada ya kufa kwake mwaka 1620, kimepangwa kama mazungumzo kati yake na mfalme huyo kijana. Pluvinel aliwaambia watu kwamba farasi ana akili, na kazi ya mwalimu ni kuitafuta hiyo akili kabla ya kuitafuta miguu. Aliyataja mapigo kuwa njia ya mwisho. Wengi walimcheka, kama wachekwavyo walimu wa namna hiyo.

Aliyeyaweka mambo katika utaratibu ni François Robichon de la Guérinière, aliyekuwa mkuu wa shule ya kupanda ya Tuileries, Paris, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1733. Jambo lililompa jina ni zoezi moja. Farasi huenda kando ya ukuta, lakini mabega yake huletwa ndani kidogo, hata mguu wa nyuma wa upande wa ndani ukapita chini ya mwili na kubeba. Mabega hulegea, kiuno hukunjika, na mnyama hujifunza kujibeba bila ya kuvutwa kinywa. Kwa mtazamaji ni jambo dogo. Atadhani farasi anakwenda upogo. Kumbe ndani yake umo ufunguo wa karibu kila tendo gumu linalofuata, na karibu miaka 300 baadaye hakuna shule ya dresaji isiyolitumia.

Mahali ambapo elimu hii ilihifadhiwa kuliko kwingine ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Shule ya kupanda ya huko yatajwa katika hati za mwaka 1572. Yaitwa ya Kihispania kwa kuwa farasi wake wa kwanza walitoka Hispania. Mwaka 1580 familia ya kifalme ilianzisha mahali pa kuwazalisha huko Lipica, na kutoka hapo wakapata jina lao la Lipizzaner. Wengi wao huzaliwa weusi au wa hudhurungi, kisha miaka inapopita hugeuka weupe. Jumba lao, lenye nguzo na taa za vioo kama ukumbi wa karamu, lilijengwa kuanzia mwaka 1729 hadi 1735 kwa amri ya Kaizari Karl wa 6, na hata sasa wapandaji waingiapo huvua kofia mbele ya picha yake.

Mafundisho ya Vienna yanastahili kuangaliwa kwa makini na kila aliye mwalimu. Mwanafunzi mgeni hapewi farasi mgeni. Hupandishwa juu ya farasi dume mzee aliyekwisha hitimu, akazungushwa kwa kamba ndefu iliyo mkononi mwa mwalimu, na kwa miezi mingi hapewi hatamu wala vikuku. Kazi yake ni kukaa tu. Akikaa vibaya, farasi mzee huonyesha kosa kwa kwenda vibaya. Akikaa vyema, humpa mwendo ambao kijana hajapata kuuonja, na baada ya kuuonja hausahau. Miaka ikipita, kijana huyo amekuwa bingwa, naye ndipo hukabidhiwa farasi mbichi amfunze. Kwa hiyo mnyama mzee humfundisha mtu kijana, na mtu mzima humfundisha mnyama kijana, na mnyororo haukatiki. Mengi ya hayo hupokewa kwa mdomo na kwa mwili. Kwetu sisi, ambao elimu yetu ya ngoma, ya uhunzi na ya ushairi ilipita kwa njia hiyo, jambo hili si geni hata kidogo.

Tena hawana haraka. Methali yetu yatuambia samaki mkunje angali mbichi. Wao humwacha farasi acheze milimani hata atimize umri wa miaka minne hivi, mifupa ikomae, ndipo waanze, na huchukua yapata miaka sita kumfikisha kwenye matendo ya juu: kupiga telki mahali pamoja bila ya kusogea, kusimama kwa miguu ya nyuma huku magoti yamekunjwa, na kuruka hewani miguu yote minne. Si kila farasi hufika huko, na asiyefika hachapwi.

Mwaka 1945 mnyororo huo ulikaribia kukatika. Mkuu wa shule, Kanali Alois Podhajsky, aliwahamisha madume kutoka Vienna iliyokuwa ikipigwa mabomu, akawapeleka kijiji cha magharibi. Tarehe 7 Mei aliwachezesha mbele ya Jenerali Patton wa Marekani na kumwomba ulinzi, naye akamwahidi. Shule ilirudi nyumbani kwake mwaka 1955. Unesco imeiingiza elimu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2015.

Kuruka viunzi kulichelewa kupata mwalimu wake. Hata mwisho wa karne ya 19 askari wa Ulaya walifundishwa kwamba farasi anaporuka mtu aegemee nyuma na kuvuta hatamu, ati amsaidie kuinuka na kulinda miguu yake ya mbele wakati wa kutua. Picha za zamani zaonyesha matokeo yake: mtu amelala chali angani, kinywa cha farasi kimefunuka kwa uchungu. Federico Caprilli, ofisa wa Italia aliyezaliwa mwaka 1868, alifanya jambo jepesi ambalo maofisa wengi hawakulifanya. Alitazama farasi wasiopandwa wakiruka wenyewe. Akaona kwamba farasi huru hunyosha shingo na kukunja mgongo mfano wa upinde, na kwamba uzito wake huenda mbele pamoja na mwendo. Basi akafupisha vikuku, akawaambia wanafunzi wajiinue kidogo juu ya seruji, waegemee mbele, na mikono yao ikifuate kinywa cha farasi kokote kiendako. Mwaka 1902, huko Torino, alivuka mita 2.08. Maofisa wa nchi nyingi walikuja Pinerolo na Tor di Quinto kujifunza, na njia yake ndiyo msingi wa upandaji wa viunzi hadi leo. Alikufa mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi aliyekuwa akienda hatua tu. Aliandika kidogo sana. Aliyoyaacha yamo katika migongo ya watu.

Hapa Xenophon anarudi mlangoni. Kila sanaa hii iliposonga mbele, ilisonga kwa sababu mtu fulani aliweka chini chombo chake akamtazama mwanafunzi wake jinsi alivyo.

Lakini kumtazama farasi kulikuwa rahisi kuliko kumtazama binadamu mwenzi. Michezo hii ilishindaniwa katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na kwa muda mrefu ikawa milki ya maofisa. Katika London, mwaka 1948, timu ya Uswidi ilishinda dresaji. Mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini. Alipandishwa cheo kuwa luteni kabla ya mashindano, akarudishwa chini muda mfupi baadaye. Jambo lilipojulikana, Uswidi ilinyang'anywa dhahabu mwaka 1949, ikapewa Ufaransa. Farasi alikuwa yule yule, mikono ilikuwa ile ile, alama zilikuwa zile zile. Kilichopungua ni nyota begani. Kanuni ilikuwa ya aibu, na haikudumu. Mwaka 1952, Helsinki, milango ilifunguliwa kwa askari wa vyeo vyote na kwa raia, na katika dresaji kwa wanawake pia. Watu watatu wale wale wa Uswidi, Persson akiwamo, walishinda tena, wakashinda na mwaka 1956.

Hapo Helsinki alikuwapo Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipatwa na polio, na miguu yake kuanzia magotini chini haikurudi kufanya kazi. Ilibidi ainuliwe kuwekwa juu ya farasi. Vitabu vyote vilifundisha kwamba farasi huongozwa kwa miguu kuliko kwa mikono. Yeye alimfunza farasi jike wake, Jubilee, aelewe uzito wa kiuno na mgongo. Alipata medali ya fedha, mbele ya wanaume waliokuwa na miguu yote miwili, na miaka minne baadaye akaipata tena. Henri Saint Cyr, aliyechukua dhahabu, alimsaidia kufika jukwaani. Wanawake waliruhusiwa kuruka viunzi mwaka 1956. Vienna ilikawia zaidi: wasichana wa kwanza walipokewa kuwa wanafunzi wa wapandaji mwaka 2008.

Na kigongo? Hakijatoweka. Katika Olimpiki kulikuwa na mchezo mwingine wa farasi, ndani ya pentathlon ya kisasa, mchezo ule ule alioshiriki Patton mwaka 1912 alipokuwa kijana. Mshindani hupigana kwa upanga, huogelea, hupiga shabaha na kukimbia. Na kwa upande wa kupanda, hakuja na farasi wake. Alipewa kwa kura farasi asiyemjua, wakakaa pamoja dakika 20, kisha wakaingia kuruka. Mambo yote tuliyoyaeleza, miezi ya kamba ndefu, miaka sita ya subira, mtu na mnyama kujuana, yalitakiwa yafanyike katika dakika hizo. Huko Tokyo, mwezi Agosti 2021, mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa akiongoza mashindano alipata farasi aliyekataa kuruka. Aliyempanda alilia huku akimchapa, na mwalimu wake, akiwa nje ya ua, alimhimiza apige, kisha yeye mwenyewe akampiga farasi ngumi. Dunia nzima iliona. Mwalimu aliondolewa katika michezo, na mwaka uliofuata chama cha mchezo huo kilipiga kura kuacha kupanda. Mashindano ya Paris ya mwaka 2024 yalikuwa ya mwisho kwa farasi katika pentathlon. Mahali pake pamewekwa kuta, kamba na vikwazo ambavyo mtu huvipita kwa mikono na miguu yake mwenyewe.